Makadamia: Mbona Shags Inauzwa Mbao Kilo na Supamaketi Ni Kama Dhahabu? Hii Hapa Rada Kamili

Siku ingine ukiingia supamaketi, pita pale kwa njugu na korosho. Angalia vizuri, utaona kapakiti ka makadamia, zile za mviringo, rangi ya maziwa, zimejipanga kama lulu. Geuza uone bei. Ukishatoa macho, rudisha polepole juu soja wa mlangoni ameshaanza kukuangalia.

Hiyo kitu ilinifanyikia 2023. Nilikuwa nimetoka shags Kandara, kaunti ya Murang'a, wikendi hiyo hiyo. Huko niliacha shosho akiuzia broka gunia mbili za makadamia kwa mbao kilo. Umesoma vizuri. Shilingi 20. Halafu hako kapakiti nilikoshika mkononi, hata robo kilo hakajafika, kalikuwa kanapita soo mbili. Nikabaki nimesimama hapo kama mlingoti.

Nikajiuliza: kati ya shamba la shosho na hii rafu, nani anakula hiyo doo yote?

Jibu lenye kila mtu anakupea ni moja: mabroka. Na mabroka wako na lao, usijali, tutawafikia. Lakini hiyo swali ilinikaa kichwani, nikaanza kusoma na kuuliza wasee wa kupanda na wa kununua. Kuna kitu haiongelewi sana. Bei ya makadamia huanza kuharibika ikiwa bado juu ya mti, kabla hata broka awashe nduthi yake. Huharibika siku ile tunaitoa kama haijakomaa. Na mbaya zaidi, mmoja akitoa mbichi, tunalipia wote.

Wacha nikueleze venye hii kitu inaenda.

Kwanza, hii mti ilitoka wapi?

Wengi wanadhani makadamia ni mti wa Murang'a, vile tumezoea kuiona hapo kando ya kahawa. Zii. Nyumbani kwao ni Australia, kwa misitu ya mvua upande wa mashariki, majimbo ya Queensland na New South Wales. Wenyeji wa huko, wale Waaborijini, walikuwa wanazikula miaka na mikaka kabla mzungu atie mguu.

Jina nalo ni la daktari. Mwaka wa 1857 mtaalamu wa mimea mmoja, Ferdinand von Mueller, aliamua kuita huu mti kwa jina la rafiki yake, John Macadam, mwanakemia wa Melbourne. Jamaa akapewa mti bure bila kupanda hata mche mmoja. Kuna watu wako na nyota.

Kutoka Australia mbegu zikafika Hawaii karibu 1881, na hao wasee wa Hawaii ndio walichukua hii kitu serious, wakachagua miti mizuri na kuifanya biashara ya dunia. Miaka ya hivi karibuni watafiti walipima jeni za hiyo miti ya Hawaii wakapata mingi imetokana na kikundi kidogo tu cha miti ya mwituni karibu na mji wa Gympie, kule Queensland. Yaani biashara ya mabilioni, ukoo wake unaweza ingia kwa matatu moja.

Kenya ilifika miaka ya 1940, ikiletwa na mlowezi anaitwa Bob Harries, aliyekuwa na shamba karibu na Thika. Kwa miaka mingi ilikuwa tu mti wa kivuli na urembo. Mambo yalibadilika 1974, wakati Mjapani Yoshiyuki Sato na mfanyabiashara Pius Ngugi walianzisha Kenya Nut Company hapo Thika. Hapo ndio mkulima mdogo akaanza kuona kumbe hii kitu ina soko. Wajapani pia walisaidia watafiti wa serikali kuchagua miti bora na kutengeneza miche.

Leo Kenya iko kwa ile ligi ya juu duniani, pamoja na Afrika Kusini, Australia na China. Murang'a, Kiambu, Kirinyaga, Embu, Meru, Tharaka Nithi: penye kahawa inakubali, makadamia pia inakubali. Tofauti yetu na hao wengine ni moja. Wao wana mashamba makubwa makubwa, sisi ni shosho na miti yake 12.

Kumbuka hiyo ya shosho na miti 12. Itarudi.

Ganda juu ya ganda, halafu pesa

Makadamia imevaa nguo mbili. Ya nje ni ganda la kijani, laini kiasi, lenye hupasuka ikikomaa. Ndani yake kuna ganda la kahawia, gumu kama roho ya landlord tarehe tano. Hilo ndilo watoto wa shags hupasua na jiwe mpaka vidole vinafura. Halafu ndani kabisa ndio kiini, hicho cheupe chenye unakula. Pesa yote iko kwa kiini.

Sasa tufanye hesabu kidogo, usikimbie.

Chukua kilo 10 za makadamia zilizotolewa lile ganda la kijani na kukaushwa fiti. Kama ni za mti mzuri na zimekomaa, theluthi mbili hivi ya huo uzito ni ganda. Kiini ni karibu theluthi moja, tuseme kilo 3. Kile kingine faktori inachoma kwa boila, juu hayo maganda huwaka vizuri.

Kwa hivyo mtu akinunua kwa shosho kilo 10 kwa mbao, amelipa 200. Lakini ukweli ni kwamba amenunua kilo 3 za chakula. Kila kilo ya kiini imemgharimu kama 67. Bado hajalipia gari, kukausha, kupasua, wamama wa kuchambua moja moja, kuchoma, kupakia na kusafirisha. Hapo bei inaanza kupanda na iko na sababu. Sisemi hakuna wizi hapo katikati, nasema si wizi wote.

Lakini je, hizo kilo 10 zikiwa mbichi?

Hapo sasa mambo inageuka. Kiini ambacho hakijakomaa kiko na maji mengi na mafuta kidogo. Kikikaushwa kinajikunja kama zabibu kavu. Tuseme badala ya kilo 3, umepata kilo moja na nusu. Mnunuzi amelipa zile zile 200, lakini sasa kila kilo ya kiini imemkula 133. Mara mbili. Na hizo alizopata, zingine atatupa.

Sasa jiweke kwa viatu vyake. Unaletewa gunia. Ganda la mbichi na la iliyokomaa yanafanana ukiangalia haraka, na huwezi pasua gunia nzima. Hujui gani ni gani. Utafanya nini? Utashusha bei kwa kila mtu, ndio ujikinge. Shosho mwenye alingoja mpaka zikaanguka zenyewe analipwa sawa na jirani mwenye alipanda mti na fimbo mwezi wa kwanza.

Soma hiyo tena. Kwa soko lenye hakuna anayepima ndani, bei ya wote inakuwa bei ya mwenye ametoa mbichi.

Siri iko kwa mafuta

Unaweza kuuliza, kwani makadamia inajua aje imekomaa? Swali poa.

Kutoka maua mpaka kukomaa inachukua kama miezi 6 hadi 8. Miezi ya kwanza, mbegu inafanya kazi moja tu: kukua ukubwa. Inafura, inafura, mpaka inafikia saizi yake. Halafu ganda la ndani linakauka na kuwa gumu. Ukiiona hapo unaweza apa ni mbivu, juu kwa macho imemaliza kukua.

Lakini ndani ndio kwanza kazi inaanza. Baada ya ganda kuwa gumu ndio mti unaanza kujaza mafuta kwa kiini. Wiki baada ya wiki, maji yanatoka, sukari inapungua, mafuta yanaingia. Ikikomaa kabisa, zaidi ya asilimia 70 ya kiini ni mafuta. Hakuna njugu nyingi unazojua zinafika hapo. Ndio maana makadamia ikiingia mdomoni inayeyuka kama siagi.

Ukiitoa katikati ya hiyo kazi, umetoa mandazi kwa karai kabla iive. Kwa nje ni mandazi, ndani ni unga. Na iko na shida ingine: ile mbichi bado ina sukari nyingi, kwa hivyo ikichomwa faktorini inageuka kahawia na ladha inaharibika. Mteja wa Ulaya au Marekani akipata pakiti nusu nyeupe nusu kahawia, hapigi simu kwa shosho. Anaandika tu kwamba makadamia ya Kenya si ya kuaminika, na next time anaagiza Afrika Kusini.

Mti wenyewe haukuwai kuficha. Ikikomaa, inaiangusha. Hakuna mtu anafaa kupanda juu. Ni mti mmoja kati ya michache yenye inakuletea mavuno hadi chini, kazi yako ni kuinama tu.

Sasa mbona watu hutoa ikiwa mbichi?

Hapa ndio wengi wakiandika hukosea. Wanaandika kama mkulima ni mjinga. "Wakulima wahimizwa kungoja." Ungoje na nini?

Wacha nikupee story ya kwetu.

Januari 2020 nilikuwa college, mwaka wa pili. Fee ilikuwa haijaisha na shule ilikuwa imesema bila kumaliza hakuna kuingia mtihani. Mathee alikuwa amekopa kila mahali pa kukopa. Shosho akasikia. Shosho huniita "mzee wangu", juu nimepewa jina la guka, bwanake. Akanipigia simu akasema, "Mzee wangu, usijali, hiyo shule utaenda."

Wiki hiyo broka alipita kwa boma. Wakati huo bei ilikuwa tamu, kilo ilikuwa inapita soo na zaidi, na mabroka walikuwa wanapigana kwa geti. Huyo msee hakuuliza kama zimekomaa. Alikuja na fimbo zake ndefu na vijana wawili, wakatwanga miti yote 12 kwa nusu siku. Zikaanguka kijani kibichi, na maua ya msimu ungine yakaanguka pamoja nazo. Alilipa keshi hapo hapo. Shosho akatuma yote.

Nilifanya hiyo semester. Sijamaliza hata, Korona ikaingia Machi, shule zikafungwa. Zilipofunguliwa hakukuwa na doo ingine ya kutuma, na mimi sikurudi. Sasa niko hapa nakuandikia kuhusu mbegu.

Mwaka uliofuata broka mwingine alikuja kwa ridge yetu. Akapasua chache, akatema, akasema makadamia za huku ni maji tupu. Akataja bei ya chini. Jirani wa shosho, mzee mmoja mtaratibu sana ambaye huokota zake chini kila asubuhi na kikapu, alileta gunia safi, zimekomaa, zimekauka. Akapewa bei ile ile ya chini. Alimwangalia shosho bila kusema kitu. Shosho hajawai sahau hiyo siku, na hata mimi, juu hiyo bei alilipa ilikuwa fee yangu.

Kwa hivyo sababu ya kwanza ni shida ya nyumba. Fee, hospitali, matanga. Mti ndio benki, na benki hungojei ikomae mtoto akifukuzwa shule.

Sababu ya pili ni wezi. Bei ikipanda, makadamia huibwa usiku. Kuna wazee wamelala chini ya miti yao na panga na tochi wiki nzima. Mwizi hangoji ikomae. Kwa hivyo mkulima anajiambia, heri nitoe mimi ikiwa mbichi kuliko atoe yeye. Na hivyo mwizi anaharibu hata gunia lenye hajaiba.

Sababu ya tatu ni broka mwenyewe. Yeye analipwa kwa kilo, na mbichi ina maji, na maji ni uzito. Akishafikisha kwa mnunuzi wake na kulipwa, hiyo shida si yake tena. Hapo ndio nilisema tutamfikia. Kosa lake kubwa si kununua bei ya chini. Ni kununua kitu chochote, wakati wowote, bila kuuliza.

Serikali nayo imefanya nini?

Kuna vitu mbili unafaa kujua, ndio ukisikia siasa zake kwa redio uelewe.

Ya kwanza ni marufuku. Mwaka wa 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje makadamia na korosho zikiwa bado na ganda. Wazo lilikuwa hivi: kama lazima ipasuliwe hapa, basi kazi inabaki hapa. Na kweli faktori ziliongezeka, na wamama wengi wakapata kazi ya kupasua na kuchambua.

Lakini upanga una makali mawili. Ukifungia nje Mchina anayetaka makadamia na ganda lake, umepunguza wanunuzi. Mkulima anabaki na faktori za hapa pekee, na zikikubaliana kimoyomoyo kuhusu bei, yeye atafanya nini? Miaka ile soko la dunia lilikuwa moto hakuna aliyelia. Lakini ilipofika 2023, miti mingi iliyopandwa Afrika Kusini, Australia na China ilikuwa imeanza kuzaa, maghala yalikuwa yamejaa, na bei ikaanguka kila mahali. Hapa kwetu ikatoka karibu 200 kilo mpaka 30, wengine mpaka 20. Watu wakaanza kukata miti wauze kuni. Mwisho wa huo mwaka serikali ikaondoa hiyo marufuku kwa mwaka mmoja ndio stoki itoke.

Kwa hivyo tusidanganyane. Hiyo mbao ya shosho 2023, sehemu kubwa ilikuwa dunia nzima kujaa makadamia. Lakini fikiria hivi: soko likijaa, mnunuzi anachagua. Na akianza kuchagua, mwenye jina baya ndio anaachwa wa kwanza. Wakati wa raha, kutoa mbichi kunakupunguzia faida. Wakati wa njaa, kunakufungia mlango.

Ya pili ni msimu. Mamlaka ya Kilimo na Chakula, wenye wengi wanawajua kama AFA, huwanga inafunga mavuno kuanzia Novemba hivi mpaka Februari au Machi. Hapo ukipatikana unavuna au unanunua ni makosa. Sasa ukijua ile story ya mafuta, unaelewa sababu. Hiyo miezi ndio kiini kinajazwa. Si serikali inataka kukunyima Krismasi. Shida ni kwamba kufunga msimu hakulipi fee ya Januari, na kalenda ya shule na kalenda ya mti hazijawai kukutana.

Utajuaje imekomaa? Njia tatu bila mashine

Kama shags kwenu kuna hii miti, tumia watu wako hii sehemu.

Moja, chini ya mti. Ikianguka yenyewe, imemaliza. Fyeka nyasi chini ya mti kabla ya msimu, okota kila siku mbili tatu. Ukiziacha chini kwa unyevu zinaoza na panya wanasherehekea.

Mbili, pasua ganda la kijani uangalie upande wake wa ndani. Kukiwa kweupe, bado. Kukiwa kumegeuka kahawia, na lile ganda gumu nalo liwe kahawia ya kukolea, uko sawa.

Tatu, glasi ya maji. Hii ndio inabamba. Chukua kiini kilichokauka, kitupe kwa maji. Kikielea, kimejaa mafuta, na mafuta huelea. Kikizama, kilitolewa mapema. Nilimfanyia shosho hii kwa kikombe chake cha chai. Tulijaribu 10, zikaelea 7. Akazitoa zile 3 akaziangalia kwa muda mrefu, halafu akasema, "Hizi ni za ule mti wa kona. Tuliharakisha."

Ukishaokota, toa ganda la kijani ndani ya siku moja, juu likibaki linapika joto na kuharibu kiini. Kisha kausha kwa kivuli chenye upepo, kwa wavu au kitanda cha waya, si kwa jua kali. Ikitoka mtini inaweza kuwa na maji mpaka robo ya uzito wake, na inafaa ishuke karibu asilimia 10 kabla uiweke kwa gunia. Gunia la katani au la wavu, si nailoni. Ukitikisa moja kwa sikio ukasikia kiini kikigonga ndani, imekauka.

Faida ya kukausha ni hii: ikiwa mbichi lazima uuze leo. Ikiwa kavu unaweza kungoja. Na kwa hii biashara, mwenye anaweza kungoja ndio anataja bei.

Na kama unataka kupanda?

Usidanganywe na wale wa mitandao, ati panda makadamia uomoke mwaka ujao. Mche uliopandikizwa unaanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4, na mavuno ya maana ni baadaye. Ule wa kuotesha tu mbegu unaweza kukuweka miaka 7 mpaka 10, na hujui utazaa nini.

Ulizia aina zenye zimechaguliwa hapa hapa Kenya. Majina yake yanakuambia zilitoka wapi: MRG-20 ni ya Murang'a, KRG-15 ni ya Kirinyaga, EMB-1 ni ya Embu, KMB-3 ni ya Kiambu. Nunua kwa kitalu chenye kimesajiliwa, na uchanganye aina mbili au zaidi, juu maua yakichavushwa na mti wa aina ingine mavuno yanaongezeka. Ukiweka mizinga ya nyuki hapo, umechapa ndege wawili: asali na makadamia.

Na kitu moja ya dharura: usipee mbwa wako makadamia. Sisi tunakula bila shida, lakini mbwa akizila miguu ya nyuma inalegea, anatetemeka, anatapika. Wengi hupona ndani ya siku mbili, lakini mpaka leo wanasayansi hawajajua ni nini ndani yake inawafanyia hivyo. Simba wa shosho aligundua kwa njia ngumu.

Kwa hivyo tufanye nini?

Sina jibu kubwa, mimi ni msee wa kuandika. Lakini nimeona kitu kikifanya kazi kwa ridge yetu. Watu kama 20 hivi walikubaliana: hakuna kutwanga mti, kila mtu anaokota chini, na wanakausha pamoja kwa banda moja. Usiku wanalinda kwa zamu, badala ya kila mzee kulala peke yake na panga. Na wakiuza, wanauza pamoja, kwa mnunuzi mwenye anapasua na kupima ndani, si kwa nduthi inayopita.

Ngumu zaidi ilikuwa ya fee. Wakaanzisha chama kidogo, kila mtu anatoa kitu kidogo baada ya kuuza, ndio Januari ikifika mwenye shida akope hapo badala ya kuita broka na fimbo. Bado ni kidogo. Mwaka jana hakikutosha kila mtu. Lakini miti ya wawili watatu ilipona fimbo, na hiyo ni kitu.

Shosho ni mmoja wao. Ile miti yake 12 bado iko, ukitoa mmoja ulikauka. Asubuhi anainuka na kikapu, sawa na yule mzee jirani, na siku hizi wanasalimiana vizuri. Nikimpigia simu namuuliza kama zimeanguka, ananijibu, "Mzee wangu, haraka ya nini? Mti ukimaliza utaniambia."

Kwa hivyo next time ukishika hako kapakiti supamaketi, usitukane bei pekee. Angalia ndani. Zikiwa nyeupe zote, jua kuna mtu mahali alingoja, na pengine kungoja kulimgharimu.

Na kama ni kwenu shags mnatwanga miti mwezi wa kwanza, piga simu leo. Lakini kabla uwaambie wangoje, waulize kwanza ni shida gani inawaharakisha. Pengine hiyo ndio ya kutuma doo.